Mayai Aliyoyaacha Mama

Siku tuliyomzika mama, shangazi alimchinja kuku aliyekuwa anaatamia. Watu walikuwa wengi. Mchele haukuwa tatizo, maana kwetu Ubaruku nani analilia mchele, ila kitoweo kilipungua na wageni wa mbali walikuwa bado hawajala. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyekuwa mkubwa wa jikoni. Nilipoona manyoya mekundu kwenye beseni nikamjua mwenyewe: yule wa mama, aliyekuwa amelalia mayai kwenye kikapu nyuma ya mlango wa stoo.

"Shangazi, huyu si alikuwa na mayai!"

"Mimi ningejuaje, mwanangu? Wenzake wote walikimbia. Huyu nimemkuta ametulia tu, ananiangalia."

Kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Methali hiyo alinifundisha yeye mwenyewe nikiwa mdogo. Nilikuwa na neno baya mdomoni, lakini macho yake yalikuwa yamevimba kwa moshi na kwa kulia, nikalimeza. Ile nyama sikuigusa.

Baba alishinda chini ya turubai na wanaume wenzake. Tulipomwita aje kumuaga mama akasema, "Tangulieni ninyi." Hakuja. Kaburini alisimama nyuma ya watu wote, uso ameugeuzia mashamba ya mpunga, na chozi halikumtoka. Watu wakamsifu, mzee amejikaza. Mimi kule kujikaza kulinitisha. Jioni nilimkuta stoo amechuchumaa, mkono ameuingiza kwenye kikapu.

"Yamepoa," akaniambia. "Mama yako atanigombeza."

Alisema hivyo bila kutania. Nilitaka kumwambia, baba, mama tumemzika leo mchana. Badala yake nikachuchumaa pembeni yake.

Matanga yalipoisha nikamwambia twende wote Mbeya, ninakoishi na ninakoshonea nguo. Alikubali kwa sharti moja, yale mayai aliyokuwa akiyalaza karibu na jiko tangu mazishi nayo yaende. Njia nzima alipakata kikapu, amekifunika kwa koti lake. Tuliposimama Igawa wachuuzi wakasogea dirishani na mahindi ya kuchoma, naye akawanyamazisha kwa kidole mdomoni, kama mtu aliyepakata mtoto aliyelala.

Mbeya ilikuwa kwenye baridi yake, ile ya ukungu unaogoma kuondoka hadi saa nne. Kwa joto la Ubaruku yai linakaribia kujiatamia lenyewe, lakini kwangu hata mafuta ya kula yalikuwa yameganda. Nikatafuta boksi, nikaweka pumba za mpunga chini, ikabaki taa. Hapo ndipo nilipogundua kwamba balbu za siku hizi zinawaka tu, joto hazina. Nilizunguka maduka mpaka nikachoka. Mwishowe Mhindi mmoja mzee wa duka la vifaa vya umeme akaingia stoo kwake, akatoka na balbu ya zamani yenye vumbi. Akaniuliza ya nini. Nikamwambia ya mayai ya marehemu mama. Akaifuta kwa shati lake mwenyewe kabla ya kunipa.

Balbu ikiwepo, baba aliridhika nusu. Umeme ukikatika aliyachukua mayai na kuyalaza kitandani pembeni yake, upande ule ambao mama angelala, akayafunika blanketi na chupa za maji ya moto. Aliyageuza kwa vidole viwili. Huyu ni mtu ambaye maisha yake yote kuku alimjua akiwa kwenye sahani.

Na mama alikuwa bado yupo kwake. "Mama yako hataki chai ya majani mengi hivi." "Mlango usiufunge, mama yako yuko nje." Akikaa kwenye benchi alijisogeza pembeni, akaacha nafasi ya mtu. Mungu anisamehe, na mimi nikaanza. Asubuhi nilisikia ufagio uani, nikitoka uwanja una majani yake vilevile. Mama hakuwahi kunitisha akiwa hai na sikumwogopa akiwa amekufa. Niliyemwogopea ni baba. Nilimwona akimfuata mama kidogo kidogo, hali ugali, hazungumzi na mtu, na mimi nimesimama na kikombe cha chai sijui nimwite kwa jina gani ageuke.

Nilifunga mapazia nikamulika mayai kwa tochi ya simu. Yai lililo hai lina mishipa myembamba myekundu, na ndani kuna kitu kinacheza. Mengi yalikuwa meusi, kimya. Mengine yalikuwa maji matupu. Moja tu lilipiga teke.

"Baba, limebaki moja. Mengine yalikufa siku ile yalipopoa."

"Yaache yote. Mwenyewe ndiye anayeyajua."

Siku moja alasiri nilirudi kutoka kibandani ninakoshonea, na kabla sijavua viatu nikamsikia mama. Si kama mtu anavyosema alimsikia marehemu. Namaanisha nilisikia sauti yake, na kukohoa kwake kule kwa kabla ya kuongea, ikitoka chumbani kwa baba: "Mzee, ukitoka shamba usisahau chumvi. Na pumba ulete. Kuku wako wananitolea macho mimi, utadhani ndimi niliyekula chakula chao." Kisha kicheko. Nikausukuma mlango.

Baba alikuwa amelala kifudifudi kando ya boksi, simu yake ameiweka katikati ya mayai. Mama alikuwa akimtumia meseji za sauti kila alipokwenda kulima Madibira.

"Kuku akiatamia huwa anaongea na mayai," akasema bila kuinua kichwa. "Sasa haya nani aongee nayo?"

Nilikaa sakafuni. Nililia kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimefurahi kuisikia, na kwa sababu sikujua kama nimnyang'anye ile simu au nimwombe airudie. Nikamwacha. Tangu hapo nyumba yangu ikawa inaagizwa chumvi asubuhi na jioni.

Lile yai moja likatoboka. Kifaranga alianza kulia akiwa bado ndani, baba akaja mbio kuniita. Mchana ukapita, kitobo kikabaki kilekile, na sauti ikawa inafifia. Tulikuwa hatujaweka bakuli la maji ndani ya boksi. Joto la taa lilikuwa limeukausha ule utando wa ndani ya ganda, ukamgandia mtoto wa watu kama gundi.

Mama hakuruhusu kifaranga asaidiwe. Alisema anayeshindwa kutoka, hata kuishi atashindwa. Nilimkumbusha baba.

"Mwache mama yako agombe," akasema.

Akachovya kitambaa kwenye maji ya vuguvugu, akalowesha utando, akabandua ganda kwa ukucha, kipande kimoja kidogo. Akangoja. Mshipa wenye damu ulipoonekana akaacha kabisa, tukakaa tukinywa chai tusiyoiona ladha, akarudi tena. Mwishowe kifaranga alijisukuma mwenyewe, akaanguka kwenye pumba, ameloa, shingo imelegea. Baba akamweka chini ya taa. Akakauka, akasimama, akaangalia huku na huku, kisha akaanza kulia kwa sauti kali isiyokata, ile ya kifaranga aliyepotezana na mama yake.

Baba akajaribu kulia kama kuku. Nami nikajaribu. Hakutujali. Ndipo baba akaweka simu ndani ya boksi na kubonyeza.

"Mzee, ukitoka shamba usisahau chumvi..."

Kifaranga akanyamaza. Akainua kichwa. Akapiga hatua za kulewa hadi kwenye simu, akajibana pale ilipotoka sauti, macho yakaanza kufumba. Kicheko kikaisha. Akafumbua macho, akazunguka nyuma ya simu kuangalia, akarudi mbele, akazunguka tena, akaanza kulia kuliko mwanzo. Baba akabonyeza tena. Akaja tena mbio, na ilipoisha akazunguka tena nyuma ya simu.

"Zima," baba akaniambia. "Zima, mama. Anamtafuta."

Nikazima. Akamtoa kifaranga kwenye boksi, akamfunika kwa viganja viwili, akamsogeza karibu na mdomo. "Hayupo," akamwambia. "Amekufa. Tulimzika Ubaruku." Alilia kwa sauti, jirani akaja kugonga mlango, nikamwambia hakuna neno, baba analia.

Baada ya muda mrefu akaniuliza, "Mlimvalisha nini?"

"Gauni lake jeupe. Na kile kitenge cha bluu alichonunua Igawa."

Kifaranga alikuwa amelala mikononi mwake.

"Kile kilikuwa kinampendeza," akasema.