Machano Anabisha Hodi Kitandani

Saa moja asubuhi Machano Simai anasimama mbali kidogo na kitanda cha chuma, anabisha hodi. Hapo hapana mlango wala pazia. Anabisha tena, viganja vikiwa wazi. Funguo za wodi amemwachia mwenzake nje.

"Karibu," anajibu mzee aliyelala.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Ndipo Machano anasogea na kukaa kwenye kigoda, chini ya usawa wa macho ya mgonjwa.

Machano, mkaazi wa Jang'ombe, ni mhudumu wa wodi ya wanaume katika hospitali ya maradhi ya akili hapa Unguja. Aliianza kazi hii kabla ya Mapinduzi, enzi ambazo, anasema, dawa ya mgonjwa mkali ilikuwa kamba.

"Kamba humnyamazisha mtu, haimtulizi," anasema. "Ukimfungua, anaendelea pale pale alipoachia."

Mzee wa kitandani tumwite Thuwaini, ingawa si jina lake. Alikuwa na nyumba ya ghorofa Mji Mkongwe na shamba la mikarafuu. Baada ya mwaka 1964 vyote vilitoka mikononi mwake, na tumbo likaanza kumwaka moto. Amepigwa picha, amepimwa damu na choo, hakikuonekana kidonda. Ajabu ni kwamba kila akipewa habari hiyo njema, alikuwa anapiga mtu.

Machano ana kovu juu ya jicho. Mwezi uliopita alimwambia mzee, kwa nia safi kabisa, "Furahi, mzee wangu, huna kitu." Birika likamjia usoni.

"Nani kakwambia sina kitu?" mzee alimfokea. "Na wewe umekuja kunihesabia?"

Machano alirudi nyumbani na bandeji na manung'uniko. Mkewe, Bi Wanu, aliyekuwa akikuna nazi, hakumwonea huruma sana.

"Mtu alokuwa na majumba, unamwambia mbele za watu hana kitu," alimwambia. "Ungekuwa wewe ungemkumbatia?"

Neno lilimwingia. Kesho yake alimweleza daktari, naye daktari akacheka, kisha akabadilisha maneno. Tangu hapo wodini husemwa hivi: "Picha ni safi, lakini maumivu unayo." Na kweli anayo. Mzee hajifanyi, linapomshika hutoka jasho shati zima. Daktari anasema maradhi ya namna hii huanzia kwenye huzuni yakatokea tumboni, na huhitaji mazungumzo, kazi ndogo ndogo na subira. Siku hizi mzee anapalilia mchicha wa hospitali, na anagomba ukipaliliwa vibaya.

Ijumaa hii anatarajiwa kutoka. Binti yake, Badriya, amekodi chumba Malindi na amekwishatandika kitanda. Sharti ni moja: wiki ipite bila ya kumpiga mtu. Akipiga, ruhusa inafutwa na anarudi chumba cha kufuli.

Leo ni Jumatano. Muuguzi aliyehamia juzi kutoka Pemba anaingia na picha mkononi, uso umejaa bashasha. Hakuna aliyemtahadharisha.

"Mzee, furahi, huna kitu!"

Kikombe cha chai kinapanda juu. Wahudumu wawili wanataka kumvamia mzee, Machano anawazuia kwa mkono. Mwandishi wa habari hizi, usemwe ukweli, keshafika mlangoni. Machano anarudi nyuma polepole.

"Hodi, mzee."

Chai inamtiririkia mzee mkononi.

"Hodi."

"Karibu," anasema mzee, akishusha kikombe. "Tumbo linaniwaka, Machano."

"Linakuwaka, nnajua." Anakipokea kikombe.

Daktari ameona yote kutoka dirishani. Anasema tu kwamba Ijumaa iko pale pale.

"Mtu ukimbishia hodi anajua bado ana kwake," anaeleza Machano, akifuta chai sakafuni. Anataka kila mhudumu mpya afundishwe hivyo siku ya kwanza, na kamba zilizobaki ghalani wapewe wenye mbuzi.

Ana jambo jengine. Ijumaa itakayofuatia, yeye na Bi Wanu wanataka kwenda Malindi kumtazama mzee. Thuwaini anasikia, anageukia ukutani.

"Chumba chenyewe kimoja tu."

"Kina mlango?"

"Kinao."

"Basi ntabisha hodi."

Mzee anamgeukia.

"Bisha kwa nguvu," anasema. "Nnataka majirani wasikie."