Bi Kinasa na Mbinu Yake

Dada yangu ana masikio ya mmbeya na moyo wa hakimu, na vitu hivyo viwili vikikaa kwa mtu mmoja ni shida kwa ukoo mzima. Mimi ni fundi wa majokofu. Shule niliishia nilipoishia na sioni haya kulisema. Yeye ndiye aliyebaki na vitabu. Anafundisha katika chuo cha ualimu, na kwa miaka mingi amekuwa akichunguza jambo moja tu: mtu mzima, ambaye ulimi wake umeshazoea lugha ya mama yake, anajifunzaje lugha ya pili? Kwa nini mmoja afike hapa mgeni, mwaka usiishe awe anataniana na wauzaji sokoni, na mwenzake akae miaka na miaka akinunua vitu kwa kuonyesha kidole?

Chuoni wanamwita Bi Kinasa, maana hatengani na kinasa sauti chake, kidude cheusi kinachoenea kiganjani. Na sisi wa nyumbani tulikoma naye. Mwanangu wa kwanza alipoanza kuokota maneno, wengine walikuja na zawadi. Shangazi yake alikuja na kinasa. Ukimkatiza mtu anayetafuta neno, hata kama ni mgeni anayehangaika kuagiza chai, dada anakukata jicho mpaka unajuta kuzaliwa na mdomo. "Mwache amalize," ndilo neno lake. Shemeji, mume wake, huwaambia wageni kwamba yeye alimposa kwa kigugumizi, na kwamba angesema vizuri angekataliwa.

Kazi yake nimeiona kwa macho yangu. Anakaa kwenye meza ya jikoni, visikizio masikioni, sufuria zimesukumwa pembeni, anasikiliza sentensi ya mwanafunzi mmoja, anairudisha nyuma, anaisikiliza tena, anaichapa kama ilivyo. Hapunguzi kitu. Mtu akisema "mimi nili... aa... nilienda, ee, nilienda kazi," yeye anaandika na hizo "aa" zote. Nilimcheka siku moja, nikamuuliza kama chuo kinamlipa kwa kuandika pumzi za watu.

"Hizo 'aa' ndizo ninazozitafuta, mdogo wangu," akaniambia. "Hapo ndipo mtu anapopapasa njia. Nikizifuta nimebaki na nini?"

Sasa, huyu dada alikuwa na mbinu yake. Aliiita Chora Kwanza. Mwanafunzi anasikia sentensi, haambiwi airudie. Anapewa penseli achore alichokisikia, kisha aangalie mchoro wake ndipo aseme. Dada aliamini kwamba mkono ukitangulia, ulimi unapoteza woga. Ili kuipima akafungua madarasa mawili ya jioni kwa watu wazima wageni, watu wa kazi zao: fundi cherehani, mchomeleaji wa mageti, muuguzi, madereva, wafua nguo wa hotelini. Wametoka huku na huku, kila mmoja na lugha yake. Kundi moja lilifundishwa kwa kuchora, jingine kwa njia ya kawaida ya kitabu na ubao. Mwalimu ni yeye yule, masomo yale yale, muda ule ule, ila siku tofauti.

Kundi la kuchora likawaacha wenzao mbali. Muhula wa kwanza, wa pili, wa tatu, ni hivyo hivyo. Watu walioingia wakiwa kimya kama maji ya mtungini walitoka wanasimulia, wanabisha, wanachekesha. Habari zikaenea. Gazeti lilimpiga picha akiwa ameshika mchoro wa ng'ombe ambao mimi nilidhani ni kiti. Mkuu wa idara yake, mtu mkarimu mwenye haraka, akaandaa kitabu cha mbinu hiyo kichapishwe, na chuo kikakubali kufungua kituo cha lugha kwa watu wazima. Dada ndiye angekiongoza. Miaka yote hiyo alikuwa mwalimu wa kawaida, ofisi yake nusu ni stoo ya viti vibovu, na hatimaye riziki ilikuwa inabisha hodi. Mama alikwishawatangazia majirani wote, na wale wasiouliza pia.

Ndipo kinasa kikafanya kazi ambayo hakikutumwa.

Kundi la kuchora lilikuwa linakutana katika chumba cha nyuma, kilichowahi kuwa maabara, kwa sababu kina meza pana. Chumba hicho kina ufunguo mmoja, na ufunguo huo ulikuwa kwa mzee wa stoo ambaye chuo kizima kinamwita Mzee Nakuja. Ukimpigia simu anajibu "nakuja," na huo ndio mwisho wa habari. Wanafunzi walimsubiri mlangoni karibu kila jioni, na dada mwenyewe alikuwa anafika baadaye, akitoka kwenye kikao cha idara. Kundi la pili lilikuwa katika ukumbi, na ukumbi hauna kufuli. Watu wanafika, wanakaa, wanafungua vitabu, wananyamaza mpaka mwalimu aingie.

Jioni moja dada alipita pale mlangoni, akampa fundi cherehani kinasa amshikie, akakimbilia ofisini. Hakujua kwamba kimewashwa. Wiki kadhaa baadaye, akiandaa sura ya mwisho ya kitabu, akaifungulia sauti ile pale mezani jikoni. Nilikuwepo, nimelala chini namtengenezea jokofu lake. Nikamwona anavua visikizio, anavivaa tena, anavua.

"Njoo usikie," akasema.

Nikasikia watu wanamsema Mzee Nakuja. Mchomeleaji, yule ambaye darasani hutoa neno kama anayetoa jino, alikuwa anafoka: "Huyu mzee, leo mimi ninavunja huyu mlango! Mimi ninachoma chuma, mlango ni mtu gani?" Wenzake wanaangua kicheko. Muuguzi anamtetea mzee, anasema labda anaumwa miguu. Fundi cherehani anaruka: "Miguu! Jana nilimwona anakimbia mvua!" Wakabishana. Wakahamia kwa mabosi wao, kodi za nyumba, watoto wanaokataa kula. Mtu akikosa neno, mwenzake anamrushia, wanaendelea. Hakuna aliyechora chochote.

Mimi nilicheka. Dada hakucheka. Alikuwa amekaa mikono mapajani.

"Wanajifunza hapa," akasema taratibu. "Sikiliza. Wanajifunza hapa, kabla sijafika."

Mtu mwingine angezima kile kidude akaenda kulala, na mimi ningemwelewa. Dada alifanya kinyume. Muhula uliofuata, madarasa yakiwa na watu wapya, aliyabadilisha vyumba. Kundi la kuchora akalipeleka ukumbini, kusiko na kufuli, na kundi la kitabu na ubao akalipeleka chumba cha nyuma, likamsubiri Mzee Nakuja. Hakumwambia mtu ila mimi. Muhula mzima alikuwa anatembea kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Majibu yakaja: waliosimama mlangoni ndio waliong'ara. Wachoraji wa ukumbini walitoka na michoro mizuri sana.

Nilikasirika, na hasira yenyewe haijaisha vizuri hata leo. Nilimwambia asiwe mjinga. Kitabu kiko tayari, kituo kiko tayari, mama amekwishanunua nguo ya sherehe. Mbinu haimdhuru mtu, basi iache iende. Unapiga teke riziki yako kwa sababu ya mlango?

"Wewe ukiitwa kutengeneza jokofu," akaniuliza, "kumbe halina ubovu, umeme tu ulikatika, na ukarudi wewe ukiwa unafungua begi lako. Utamdai mtu hela ya ufundi?"

"Nitamdai," nikamwambia, "tena na nauli."

Akacheka mpaka akafuta macho. Halafu nikaona kwamba yale hayakuwa machozi ya kicheko. "Naogopa," akasema. "Naogopa sana. Nitakuwa yule mwanamke aliyewauzia watu penseli." Nilifunga mlango wa jokofu lake, lililokuwa limeharibika tena, nikaanza kukusanya spana zangu.

Siku ya kikao kikubwa cha kuzindua kitabu na kituo, ukumbi ulijaa. Wakuu wa vyuo, watu wa elimu, mwandishi yule yule wa gazeti. Mama alikaa mbele, shemeji kulia kwake, mimi kushoto. Mkuu wa idara alimkaribisha dada kwa maneno matamu yasiyokwisha. Dada akasimama, akashukuru, akasema kwa sauti ile ile anayotumia kuagiza chumvi: "Mbinu ya Chora Kwanza haifanyi kazi niliyosema inafanya. Naomba niwaonyeshe nilikokosea."

Akaonyesha. Muhula kwa muhula, chumba kwa chumba. Alieleza habari ya ufunguo, ya kusubiri, ya alichokisikia. Watu wengine wakaanza kucheka, wakaona hakuna anayeongoza kicheko, wakaacha. Mmoja akaomba ile sauti ichezwe. Dada akakataa, akasema wenyewe walikubali kurekodiwa darasani, hawakukubali kurekodiwa mlangoni, kwa hiyo si yake ya kuwachezea wengine. Mkuu wa idara akainuka nusu, jasho limemtoka, akamnong'oneza lakini kipaza sauti kilikuwa wazi: "Mwalimu, hili tungelizungumza ofisini."

"Nakuelewa, mkuu. Lakini kitabu kinakwenda kwa hawa, si kwa ofisi."

"Kwa hiyo unapendekeza nini?" mtu wa elimu akauliza kwa ukali. "Tuajiri wazee wa kuchelewesha funguo?"

Hapo hata mama alicheka. Dada akangoja kicheko kiishe. "Sijui bado," akasema. "Najua tu kwamba nilikuwa natafuta jibu mahali lisipokuwepo. Nahitaji kuanza upya."

Nimewaona watu wakipigana, nimewaona watu wakizika. Sijawahi kuona ushujaa kama wa mwanamke yule kusimama mbele ya watu waliokuja kumpigia makofi na kusema "sijui bado." Nilijivunia damu yangu nikiwa bado nimenuna.

Kitabu kilisimamishwa. Kituo kikaahirishwa, na kuahirisha kwa maofisa tunakujua. Dada akarudi kwenye ofisi yake ya viti vibovu. Mama hakumlaumu, ila ile nguo aliikunja akaiweka chini kabisa ya sanduku, na dada alimwona.

Ilikuwa imebaki kazi moja. Wale wa kundi la kwanza kabisa, akina fundi cherehani na mchomeleaji, walikuwa wanatembea mjini wakimsifu mwalimu wao na penseli zake. Dada alisema hawezi kuwaacha hivyo. Akawaita jioni moja baada ya kazi, akaniomba nimsindikize. Nilikwenda kwa sababu nilijua akilia huko hakuna wa kumshika.

Walikuja karibu wote. Wakakaa kwenye zile meza pana, wamechangamka, wanaulizana habari. Fundi cherehani alikuwa amemletea mwalimu kitambaa alichokitarizi mwenyewe. Dada akakishika mkononi muda wote alipokuwa anasema. Akawaambia bila kuzunguka: mlijua lugha, na mimi nilidhani nimewafundisha kwa michoro, si kweli. Akawaambia kwamba alikuwa na sauti yao bila ruhusa, kwa bahati mbaya, na kwamba ni mali yao; wakitaka ataifuta sasa hivi, wakitaka wataisikiliza.

Wakataka kuisikiliza.

Alikiweka kinasa katikati ya meza. Kwanza walicheka, kila mtu akimnyooshea mwenzake kidole. Mchomeleaji alijisikia akitishia kuvunja mlango, akafunika uso kwa kofia. Kisha kicheko kikapungua chenyewe. Nikawaona wanainama karibu na kile kidude, wanajisikiliza: wanakwama, wanaokotana, wanabishana, kila siku, wamesimama, baada ya kazi, hakuna mwalimu. Muuguzi alikuwa anatikisa kichwa polepole. Sauti ikaisha.

Mchomeleaji akavua kofia. Huyu ndiye mtu aliyewahi kumwambia dada kwamba kichwa chake ni chuma, hakiingiwi na lugha, na kwamba lolote alilolijua amepewa na mwalimu.

"Kwa hiyo hukutupa wewe," akasema.

"Sikuwapa mimi."

Akawatazama wenzake mmoja mmoja, kama anayewaona kwa mara ya kwanza.

"Kumbe ni sisi?"

Dada, ambaye kikaoni hakutoa chozi, sasa alikuwa analia waziwazi, kitambaa cha watu kimelowa, na uso wake wote unacheka.

"Ni ninyi," akasema. "Tangu mwanzo ni ninyi."