Mlinzi wa Geti la Mtaa

Riana alimpenda mlinzi wa geti la mtaa wao huko Pretoria, maana alifanya kazi kama anayepokea wageni nyumbani kwake. Glavu zake alizikata ncha ili vidole viishike vizuri kamba ya kizuizi, na gari la Riana lilipochomoza tu kwenye kona, kizuizi kilikuwa kimeshapanda. Riana alipunga mkono, mlinzi aligusa kofia na kusema kwa sauti yake nzito, “Karibu nyumbani, mama.” Riana aliona wanajuana, ingawa hakuwahi kumuuliza jina.

Juzi gari lake liliharibika, akapewa lifti na Lindelwa, jirani aliyehamia mwaka jana, mweusi kama mlinzi mwenyewe. Walipofika getini Riana alikuwa ameinama, anaokota machungwa yaliyomwagika miguuni. Kizuizi hakikupanda. Mlinzi alisogea dirishani kwa adabu zote.

“Unakwenda kwa nani, dada?”

“Kwangu. Kulekule kwa jana.”

“Jana nilikuuliza?”

“Hujaacha hata siku moja, baba.”

Riana akainuka. Mlinzi alipouona tu ule uso mweupe, mkono wake ukaivuta kamba.

“Samahani, mama, sikukuona. Piteni, piteni.”

Lindelwa akacheka kidogo, akatia gia. “Kumbe ningekuwa nakupakia kila siku.”

Walipopita chini ya kizuizi, mkono wa Riana, kwa mazoea, ulikuwa umeshainuka kumpungia mlinzi.