Nilivyomkata Bibi wa Mungu

Kabla sijafanya kazi mtaa wa Nengo sikujua kwamba Mungu anaweza kukaa kwenye gereji. Mimi ni Mkatoliki wa jimbo la Nyundo, nimezoea Mungu mwenye kengele kubwa, ngazi nyingi na mapadri wenye haraka. Huyu alikuwa amewekwa chini ya nyumba ya Wahindi, pale mwenye nyumba wa kwanza alipokuwa akilaza gari lake, na sakafuni doa la mafuta ya gari lilikuwa bado linaonekana. Nililisugua miezi miwili. Halikutoka. Nikaamua kwamba nalo ni la ibada.

Nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu. Mmoja ni mama mzee, tuliyemwita Ba kwa sababu mwanawe alimwita hivyo. Wa pili ni huyo mwanawe, mtu wa makamo aliyefiwa na mkewe, anayeuza mabati na misumari ng'ambo ya mpaka, Goma. Ba alianguka bafuni akavunjika nyonga, na ndipo nikaitwa mimi: kupika dengu, kumgeuza kitandani, kufagia hekalu. Chumba chake kilikuwa juu na dirisha lake lilitazama ziwa, lakini ziwa lenyewe hakulipenda. Alizaliwa Mwanza. "Hili beseni," alikuwa akisema. "Ziwa liko kwetu."

Kiswahili changu cha Goma nacho alikidharau. Nikisema mutu, yeye mtu. Nikisema iko, anaziba masikio. Hebu fikiria, Mhindi anamfundisha Kiswahili mwanamke Mwafrika wa miaka hamsini, mwenye meno yake yote! Lakini alinishinda. Hiki ninachoandikia hapa ni chake.

Mungu wa gereji anaitwa Vishnu, na ana mikono minne. Mmoja umeshika kombe la baharini la kupuliza, wa pili kisahani chenye makali, wa tatu rungu, wa nne ua la yungiyungi. Ba alinieleza vyote kutoka kitandani: kombe la kuwaita walio mbali, kisahani cha kukata ubaya, rungu ni nguvu, na ua ni usafi, kwa sababu yungiyungi huota kwenye tope na halichafuki. Nilisikiliza kwa heshima. Moyoni nilikuwa nawaza jambo moja tu: mikono minne, na vyombo bado naosha mimi.

Ukutani walimchora amelala juu ya nyoka mwenye vichwa vingi, katikati ya bahari ya maziwa, mkewe akimkanda miguu. Kitovuni mwake limechipua ua, na ndani ya ua ameketi mungu mwingine anayeumba dunia. "Amelala, anaota," Ba alisema, "na ndoto yake ndiyo sisi." Ndoto niliipokea. Lakini bahari nzima ya maziwa! Yampaye inka, naapa kwa aliyenipa ng'ombe! Kwetu maziwa hayachezewi, hata tone likimwagika linaumiza roho. Nikamwambia, "Ba, Mungu yenu iko Munyarwanda, ninakuambia." Kesho yake nikamkuta mwanawe akiimwagia sanamu maziwa kuanzia kichwani, yanatiririka mpaka sakafuni, nikayafuta maneno yangu na maziwa yao kwa tambara moja.

Nilikatazwa pia kula sambaza, vidagaa vya ziwa letu, siku za kazi, maana harufu ya samaki haitakiwi hekaluni. Sawa, nikavumilia. Halafu Ba huyohuyo ananisimulia kwamba mara ya kwanza Vishnu aliposhuka duniani alishuka akiwa samaki, mdogo wa kutosha kiganjani, akakua mpaka akaivuta mashua ya mtu mwema kwenye gharika. "Donc, basi Mungu anaweza kunuka samaki," nikasema, "lakini mi hapana?" Akanijibu kwamba nimeelewa vizuri kabisa.

Agizo lililonitia matatani nilipewa siku ya kwanza. "Pale chini, mlangoni mwa hekalu, yupo bibi wa Mungu," Ba aliniambia. "Mpe maji kila asubuhi kabla hujala chochote. Usimguse ovyo. Siku yangu ikifika, ni yeye atakayenitoa. Bila yeye siondoki."

Kwa watu wa Goma bibi ni mke. Nikateremka, na kweli, mlangoni kwa ndani nikamkuta mwanamke wa shaba amesimama juu ya ua, sarafu zinamwagika kutoka kiganjani. Nikasema ndiye huyu. Kwa miezi minne nilimwekea glasi ya maji kila asubuhi, na kwa kuwa alikuwa haigusi, mchana nilikuwa naimwaga nje, kwenye kichaka kilichoota ndani ya sanduku la saruji kando ya mlango. Vumbi likamjaa yule mama wa shaba mpaka puani, maana niliambiwa nisimguse. Kuuliza si ujinga, wanasema. Mimi nilijiona nimeshaelewa, niulize nini?

Ijumaa moja mkuu wa mudugudu, yaani wa kijiji chetu, akapita nyumba kwa nyumba. Kesho ni umuganda, kazi ya usafi ya watu wote, alisema, kila kichaka kilicho karibu na nyumba kikatwe, mbu wanajificha humo. Mimi nikisikia neno usafi napandwa na wazimu. Jumamosi asubuhi nikafyeka uzio, nikafyeka kando ya mfereji, nikafika kwenye lile sanduku la saruji. Kichaka nilikijua, au nilidhani nakijua: umwenya, ule tunaowachemshia watoto wenye kikohozi, unaota hata nyuma ya choo. Nani anapanda umwenya kwenye saruji iliyopakwa rangi? Wahindi nao! Nikaukata, nikang'oa na mizizi kwa jembe, nikautupa kwenye shimo la takataka. Mkuu wa mudugudu akanisifu mbele ya watu wote, na nilifurahi sana.

Mwanawe Ba hakuona tofauti. Tangu mama yake alale, yeye alikuwa anaingia hekaluni mbio, anawasha udi, anagonga kengele, anakimbilia bariyeri ya mpakani kabla foleni haijawa ndefu. Ungeweka mwavuli kwenye lile sanduku angeusalimia.

Wiki mbili baadaye, mchana, nilikuwa namkanda Ba miguu, na yeye akaamua kunisimulia habari za yule bibi. Zamani, alisema, palikuwa na mwanamke mwaminifu sana, na mumewe alikuwa mfalme wa mashetani. Uaminifu wa mke ndio uliokuwa ngao ya mume. Miungu wote walipigana naye wakashindwa. Basi Vishnu akavaa sura ya yule mume, akaenda nyumbani kwake, na mke akampokea. Dakika ileile mume akauawa vitani.

"Ayii!" nikasema. "Mungu mzima anajigeuza bwana ya mutu? Iko mubaya ile!"

Safari hiyo hakunisahihisha. "Mbaya," alisema. "Na mwanamke alipojua, alimlaani. Akamwambia, una moyo wa jiwe, basi uwe jiwe. Na akawa. Lile jiwe jeusi la mviringo madhabahuni, unaloliona kila siku, ndiye yeye."

Lile jiwe nilikuwa nimelipigia hesabu tangu siku ya kwanza. Hapa mawe meusi ya volkano tumeshiba, tunasugulia visigino, na sikuelewa kwa nini wao wamelitandikia hariri. Nilikuwa karibu kulipeleka bafuni.

"Mwanamke akajichoma moto," Ba akaendelea. "Kwenye majivu yake ukaota mmea. Vishnu akasema, sitakula chakula chochote bila jani lako, na kila mwaka nitakuoa upya. Huo mmea ni tulsi. Ndiye bibi wa Mungu, yule wetu wa mlangoni, kwenye saruji. Mtu wetu akikata roho, jani lake moja linawekwa kwenye ulimi, pamoja na maji. Basi, anaondoka. Bila hilo roho haijui njia." Akafumba macho. "Maji unampa?"

Miguu yake ilikuwa bado mikononi mwangu. "Minamupa," nikajibu. Niliona aibu iliyonishuka mpaka kwenye nyayo.

Nilishuka mbio hadi shimoni. Palikuwa na vijiti vyeusi tu. Basi nikafanya kile anachofanya mtu mwoga mwenye akili kidogo: nilipanda mlimani, Busasamana, kwa shangazi yangu, nikarudi na mche wa umwenya, nikauotesha kwenye saruji, nikaupunguza majani ufanane. Nilijiambia kwamba kama Mungu mwenyewe aliweza kuvaa sura isiyo yake, umwenya ni nani hata ukatae? Siku za mwizi ni arobaini, lakini zangu hazikufika tano. Siku ya nne Ba aliomba jani moja anuse. Macho yake yalikuwa na ukungu. Pua ilikuwa nzima.

"Hii," alisema, "ni dawa ya kikohozi."

Nikapiga magoti palepale. "Ba, nilimukata. Siku ya umuganda. Nilifikiri ni kichaka."

Akauliza, "Na maji ulikuwa unampa nani?"

"Ule wa shaba."

Nilitegemea matusi, na ningeyapokea kwa mikono miwili. Hakutukana. Aliugeuzia ukuta uso wake, akasema kwa sauti ndogo sana, "Sasa nitaondokaje?"

Siku tatu hakunisemesha. Nilimlisha, naye alifungua mdomo kama vile kijiko kimekuja peke yake. Sina haja ya kuficha, nililia jikoni juu ya dengu zao mpaka sikujua kama nimetia chumvi. Nikamweleza na mwanawe, nimeshafunga nguo zangu kwenye mfuko nikisubiri kufukuzwa. "Mmea gani?" akauliza.

Lakini alipoelewa, alipiga simu palepale. Mtu wao mmoja wa Kampala akasema ana mche, atautuma kwa basi. Nilipompelekea Ba habari hiyo alikuwa bado ameelekea ukutani. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikajua analia, nikainama nimshike, kumbe mwanamke anacheka! "Miezi minne," alisema, "miezi minne unamnywesha yule wa shaba! Unajua yule ni nani? Ni yule mke mwingine, wa utajiri. Ndiyo maana mabati yametoka sana mwaka huu." Alicheka mpaka nyonga ikamuuma, nikamchekea na mimi, machozi yananitoka.

Mche ulifika ndani ya kopo la maziwa ya unga, una majani sita na umechoka safari. Ba akanipa sheria zake upya, safari hii akinilazimisha nizirudie kwa sauti. Asiguswe mpaka ashike mizizi. Hachumwi jioni. Hachumwi Jumapili. Kabla ya kuchuma, mwombe ruhusa. Nikauzungushia mawe, nikaulinda dhidi ya kuku, mbuzi na mkuu wa mudugudu, ambaye nilimwambia wazi kwamba akileta panga lake pale tutaonana wabaya.

Ulianza kukua. Na Ba alianza kupungua. Kwanza aliacha dengu, halafu chai, halafu uji. Hospitali walimpima, wakaongea na mwanawe kwenye korido, wakaturudisha nyumbani. Kila asubuhi aliuliza swali moja: ana majani mangapi? Nikisema kumi, anatikisa kichwa ameridhika. Nikisema kumi na mawili, anafunga macho kama mtu aliyesikia basi lake limetoka Kigali. Ndipo nikaelewa kilichokuwa mikononi mwangu. Yule mama alikuwa hafi kwa sababu jani halijawa tayari, na mimi ndiye niliyekuwa nalimwagilia.

Nitasema na hili. Kuna asubuhi niliupita ule mche na kikombe kimejaa, nikaenda kukimwaga kwenye mfereji. Kufika mchana majani yalikuwa yameinama. Nikakimbia na maji, namwomba radhi mmea kwa sauti, majirani wananitazama.

Jumapili moja nilitoka misa nikapitia kwao, ingawa si siku yangu ya kazi. Mwanawe alikuwa ameketi kando ya kitanda, simu mkononi, ndugu zao wa mbali wanasali humo. Ba aliponiona aliinua kidole kimoja. "Leo," alisema. "Kachume."

"Leo ni Jumapili, Ba," nikasema. "Hachumwi."

Mwanawe akaniangalia kwa hasira. Hakuijua sheria hiyo, na nafikiri aliona nina roho mbaya. Ba aliijua. Alijua pia kwa nini nimeishika kwa nguvu hivyo, mimi ambaye nyingine zote nilizivunja. Alinitazama kwa yale macho yake ya ukungu. "Mjinga wewe," alisema taratibu. "Haya. Kesho."

Na alingoja. Nilimkanda miguu siku nzima.

Jumatatu jua lilipopanda nilishuka na maji. Nikamwagilia kwanza, kama nilivyofundishwa. Nikamwomba ruhusa kwa Kinyarwanda, kwa kuwa ndiyo lugha ninayosalia nikiwa na shida ya kweli. Kisha nikashika jani dogo la chini kwa vidole viwili na kulivuta kidogo tu, nikitumaini litakataa. Lilitoka mara moja.