Beseni la Mfuasi

Mdogo wangu alijipa mwenyewe jina la Mfuasi, nasi tukamwitikia, maana kubishana naye ni kupoteza muda. Kazi yake ni ukarani katika ofisi ya ardhi. Dirisha hulifungua saa mbili, lakini hamhudumii mtu mpaka amalize ibada yake ya asubuhi, na ibada hiyo humfikisha saa nne, macho kayafumba, chai imepoa, huku nje wajane wamepanga foleni wakibadilisha mguu wa kusimamia. Ukimgongea kioo anafumbua jicho moja, anakuonyesha kidole juu, kwamba yupo anayemsikiliza kabla yako.

Jumapili hufundisha darasa la uanafunzi. Ana daftari ambamo huwapa watu wazima alama za unyenyekevu. Fundi cherehani mmoja, mama wa watu mwenye wajukuu, alipata nne juu ya kumi akaambiwa aongeze bidii. Yeye mwenyewe sijui nani humsahihishia.

Mwaka huu akaja na jambo jipya, kuoshana miguu. Angepiga magoti na beseni mbele ya kanisa zima na mgeni kutoka makao makuu, awaoshe watu kumi na wawili. Wazo zuri, sikatai. Kisha akatoa masharti: waoshwaji waje wakiwa wameshaoga, kucha zimekatwa, visigino vimesuguliwa, wasije wakachafua maji. Jumamosi yakafanyika mazoezi, na shemasi akasimama mlangoni akikagua vidole kimoja kimoja. Muuza samaki alirudishwa nyumbani akajisugue tena, na akaenda, tena mbio. Hakuna aliyecheka isipokuwa mimi, nikaambiwa nina roho ya dharau. Ninayo kweli, na sijaitubia.

Habari zikamfikia baba, ambaye anaishi kwangu. Alikuwa fundi mwashi kwa miaka arobaini. Saruji imemla nyayo, visigino vimepasuka, kucha mbili zimekufa. Hakuwahi kumwomba mdogo wangu kitu, hata alipougua. Safari hii aliomba.

"Mwambie mdogo wako nami nataka kukaa kwenye kimojawapo cha vile viti vya kuoshwa," alisema. "Yule nimemwogesha tangu ana siku tatu, mama yenu hajiwezi kitandani. Nataka mkono wake tu."

Nikaenda ofisini, nikapanga foleni na wajane.

"Dada, kwa miguu gani?" Mfuasi akaniuliza.

"Hiyohiyo iliyokusomesha."

"Usinichanganyie mambo. Kutakuwa na kamera. Baba nitakuja kumwosha nyumbani, faraghani. Bwana anapenda mambo ya siri."

"Lini?"

Akafumba macho. Nikajua ibada imeanza upya.

Baba nilimwambia viti vimejaa, basi. Lakini Jumapili yenyewe mmoja wa wale kumi na wawili aliamka na homa, na kiti cha mwisho kikabaki wazi mbele ya watu wote. Baba akainuka kando yangu kabla sijamshika mkono. Akaenda na fimbo yake, akakaa, akavua viatu.

Mfuasi alianzia upande wa pili. Kila mguu viganja vitatu vya maji, sala fupi, uso kwenye kamera. Miguu yote iling'aa kuliko beseni. Alipofika kwa baba, baba alikuwa ameshanyoosha mguu wa kulia. Mdogo wangu akautazama, akamgeukia mgeni akitabasamu.

"Mzee huyu tutamwosha nyumbani," alisema, akainuka na beseni lake.

"Nyumbani wapi, mwanangu?" baba akauliza kwa sauti ya kawaida tu. "Mwaka wa tatu huu hujakanyaga."

Kwaya ikaashiriwa iimbe, ikaimba.

Baba akaanza kuvaa viatu. Siku hizi vidole vyake haviwezi kamba; mimi ndiye humfungia. Alihangaika mpaka wimbo mzima ukaisha, wa pili ukaanza. Watu wakazama kwenye vitabu vyao vya nyimbo, hata wanaoimba kwa kichwa. Mimi nilikuwa benchi la tatu, hatua sita hivi. Nilikuwa na gauni jipya, na pale mbele sakafu ilikuwa imelowa. Nilimtukana mdogo wangu moyoni kwa kila neno ninalolijua, nikamwita mnafiki, nikamwita jiwe, na nilipomaliza nikaanza tena. Nilikuwa bado nimekaa.

Baba akaziacha kamba zikining'inia, akarudi akiburuta viatu ili visimtoke. Akakaa kando yangu, akanisogezea mguu. Watu wa nyuma walikuwa wakitutazama, na mgeni pia.

"Ngoja tufike nyumbani, baba," nikamwambia.