Kikwembe cha Kunizuia Dhambi

Juzi nilipita sokoni Likasi, harufu ya chikanda ikanisimamisha. Kwa ninyi ambao hamjaionja: ni viazi vidogo vya porini, vinatwangwa, vinachanganywa na unga wa karanga na pilipili isiyo na huruma, kisha vinapikwa mpaka vishikamane kama mkate mweusi wa kukata vipande. Muuzaji aliniuliza nataka vingapi. Nilishindwa kumjibu kwa kucheka, mwanamke mzima mwenye watoto watatu.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Panda, mtaa wa hapo hapo Likasi, katika zile nyumba za zamani za wafanyakazi wa mgodi, zinazofanana kiasi kwamba baba aliwahi kuingia ya jirani na kuuliza kwa nini chakula hakijaiva. Jumapili ile nilikuwa nipokee komunyo ya kwanza. Gauni langu jeupe lilining'inia kwenye msumari, nami nililisalimia kila nilipopita. Mama alipika chikanda ya sherehe siku ya Ijumaa. Tulimtarajia pia aje kaka yangu Dodo, kijana wa miaka kumi na tisa, ambaye tangu Pasaka alikuwa Kambove akichimba shaba kwenye yale mashimo ya watu binafsi, bila ruhusa ya mama.

Kwa mwezi mzima katekista wetu, Papa Benoît, alikuwa ametufundisha habari za Adamu na Eva. Mungu ni mwema, alisema, na aliumba vyote vizuri. Ubaya uliingia kwa sababu mtu aliachiwa achague mwenyewe. Wenzangu walilikariri jibu hilo kwa furaha. Mimi lilinikera. Kama Mungu alijua Eva atakula, si angemfunga kamba tu? Papa Benoît aliniambia nikae chini.

Jumamosi asubuhi mama alikuta vipande sita havipo, na midomo yangu imevimba kwa pilipili.

"Anto, ni nani alikula chikanda?"

"Ni minye, mama. Lakini weye njo uliiacha pa meza, na ulijua nitakula. Sasa makosa iko ya nani? Ungenifunga kamba, singekula."

Nilijiandaa kwa kofi, maana hata mimi nilisikia jinsi maneno yale yalivyotoka. Mama hakunipiga. Alikaa kwenye kigoda, akavua kikwembe cha juu, kile kitenge alichojifunga kiunoni.

"Bon. Unataka kamba, utapata kamba. Kama kesho iko na mutoto muzuri hapa, atavaa robe. Kama hapana, robe itabakia pa musumari."

Akafunga ncha moja kwenye kiuno changu na nyingine kwenye chake.

Mwanzoni nilifurahi, nawaambia ukweli. Utakatifu ulikuwa rahisi. Tulienda bombani pamoja, tukafua pamoja, na chooni kila mmoja alimsubiri mwenzake nje kwa heshima, kikwembe kikipita chini ya mlango. Kufika saa nne sikuwa nimetenda dhambi hata moja.

"Mama, leo minye ni mutoto muzuri, eh?"

"Mbuzi ya kufungwa hatuishukuriake."

Njiani kutoka bombani, bibi mmoja jirani aliangusha beseni lake la makaa, makaa yakatapakaa. Mimi nilimpenda bibi yule. Niliruka kumwokotea, kitambaa kikanirudisha nyuma nikaanguka kitako mbele ya watoto wote wa mtaa. Mama alimwokotea taratibu, nami nikiburutwa huku na huku nyuma yake, nisifae kwa lolote. Watoto walilia mee-mee hadi tulipoingia ndani. Nililia kwa hasira.

"Ungemufunga Dodo," nilimwambia. "Hapana minye."

Mama alichukua ufagio akaanza kufagia, nami nikalazimika kumfuata.

Saa tisa ilikuwa kitubio. Mama alikaa kwenye benchi, mimi nikapiga magoti katika kile kibanda cha kuungamia, na kikwembe kikapita chini ya pazia kati yetu. Nikamwambia padri dhambi ya vipande sita. Akaniuliza kama nimeazimia kutorudia.

"Siwezi kurudia, mon père. Nimefungwa."

Alichungulia kupitia wavu, akakiona kitambaa. Kibanda kizima kilitikisika, nikadhani anakohoa.

"Iko inafanya nini hapa?"

"Inanizuia dhambi."

"Bon, mutoto, weye hauniambie kitu. Ni kitambaa njo kinaniambia. Enda bakufungule, urudie hapa peke yako."

Nilitoka nikiwa nimeaibika. Komunyo yangu sasa ilikuwa mikononi mwa mama, na fundo lilikuwa limekaza tangu asubuhi. Alijaribu kwa kucha, halafu akainama akalivuta kwa meno. Alipoinua uso macho yake yalikuwa yamelowa.

"Fundo ni nguvu, mama?"

"Dodo nilimufungia viatu mu kabati," alisema, "kusudi asiende. Alienda miguu wazi."

Sikuona viatu vya Dodo vinahusiana vipi na kiuno changu. Nilirudi kibandani, nikasamehewa, na Jumapili nikavaa gauni. Sahani ya Dodo, vipande vitatu bila kifuniko, ilikaa mezani tangu Jumamosi jioni. Niliizunguka mara nyingi, mikono mgongoni. Sikuigusa, na hakuna aliyekuwa akinitazama.

Dodo hakuja.

Jumatatu mama alinisogezea sahani ile nile kabla haijaharibika. Nilikula kwa madaha, nikijua ni tuzo yangu. Nilikuwa bado natafuna nilipomwona akifungua kabati, akatoa viatu vya Dodo na kumpa jirani aliyekuwa akienda Kambove. Nilirudisha kipande sahanini. Mimi kwa vipande sita nimeburutwa mtaa mzima. Yeye kwa kukataa kurudi nyumbani anapelekewa viatu!

"Sasa umekubali achimbe?"

"Nakataa. Nakataa kabisa. Lakini kule mawe inakata miguu."

Nilidhani mama ameshindwa na Dodo, nikamwonea aibu, na nilibaki na aibu hiyo kwa miaka mingi. Dodo alirudi mwenyewe misimu miwili ya mvua baadaye. Sasa mwanangu mkubwa ana miaka kumi na saba, ameanza kunijibu kwamba ataenda anakotaka. Nimekataa, nimepiga kelele, nimekosa usingizi. Na wiki iliyopita nilijikuta dukani, nimekunja uso, nikibonyeza soli moja baada ya nyingine, nikimtafutia viatu vigumu kuliko vyote.