Binti Yangu wa Chumba cha Mwisho

Kitinda mimba wangu ni mtu wa hesabu, na si hesabu za dukani. Yuko kwenye kituo wanachojaribu chanjo ya kifua kikuu. Watu wakiniuliza kama ni daktari, nawaambia madaktari ndio wanaomsubiri yeye. Nikimsifu mwanangu simwombi mtu radhi.

Kazi yake iko hivi. Watu wamejitolea, wengine wakachomwa chanjo, wengine maji ya chumvi, na hakuna anayejua alichopata. Muuguzi hajui. Bosi mwenyewe hajui. Anayejua ni binti yangu na kompyuta yake, ili aiambie kamati inayolinda usalama wao mapema kama watu wanadhurika. Basi wamemweka chumba cha mwisho wa korido, ufunguo anao peke yake, na chakula cha mchana anakula humo humo.

"Mama, nikicheka mezani watasema chanjo inafanya kazi," aliniambia. "Nikinuna, watasema imeshindwa."

Kwa hiyo kazini hacheki wala hanuni. Alikuwa akicheka kwangu, Jumapili.

Sasa kaka yake, kinyozi, ambaye bado analala kwangu na ndevu zote zile, naye alikuwa amejitolea bila kutuambia. Jumapili moja akaitupa kadi yake ya utafiti mezani, namba juu.

"Mdogo wangu, mwenzangu tunayenyoa naye anakohoa damu. Niambie tu, mimi nilichomwa nini?"

Binti akaigeuza kadi kifudifudi. "Kaka, usinifanyie hivyo."

"Basi usiseme," nikamwambia mimi. "Tikisa kichwa. Humu nani atakuona?"

Hakutikisa. Akasema, "Kaa kama mtu ambaye hakuchanjwa. Fungua madirisha ya kinyozini, na kesho ukapimwe. Hilo tunamwambia kila mtu."

Kinyozi akapiga meza. "Si ndiyo hiyo? Maji ya chumvi."

"Sijasema hivyo."

"Umesema, mtoto wa mama. Ni uso tu uliokataa."

Kesho yake alipimwa, akakutwa mzima. Badala ya kushukuru akajitoa kwenye utafiti, na kwenye foleni ya kituoni akatangaza kuwa dada yake ndiye aliyemfumbua macho. Binti akaitwa na wakubwa wake, akaeleza yote. Walimwamini, ila kwa sharti: asikutane na kaka yake mpaka utafiti uishe.

Akaacha kuja. Nami nikasusa. Nilisema mtoto ndiye anayemfuata mama. Nikasusa mpaka kususa kwenyewe kukanichosha, nikaenda kwake.

Anakaa chumba kimoja, kiti kimoja. Nilimkuta anakula amesimama dirishani.

"Kaka umekuja naye?"

"Yuko kazini. Na sikuulizi kitu."

Akanipa kiti, yeye akakaa kitandani. Tuliongea habari za paa langu linalovuja. Nikamsimulia fundi aliyepanda kwa maringo, akashindwa kushuka, akaomba apelekewe chai huko huko juu. Nikaona mashavu yanaanza kumpanda. Halafu akaziba mdomo kwa kiganja, akautazama mlango.

"Cheka, mwanangu," nikamwambia. "Ni fundi tu."

"Najua, mama," akasema, na kiganja hakukiondoa.